Mtungi wa Kujifinyangia

JOSM ilikuwa kwenye kompyuta yangu miaka mingi na sikuwa na ugomvi nayo. Ni programu ya kuchorea ramani ya OpenStreetMap: unafungua picha ya setilaiti, unabofya pembe za nyumba moja baada ya nyingine, unaandika kama ni duka au msikiti, unatuma. Ndiyo tuliyoishika sote tuliopitia Ramani Huria hapa Dar es Salaam, mradi ulioanza mwaka 2015 wa kuchora kata zinazofurika mvua zikikaza, Tandale ikiwamo. Faili lake lililo tayari unalipakua chai haijapoa. Sasa mtu akikwambia amekesha akiijenga upya kutoka kwenye msimbo chanzo, una haki ya kumshangaa.

Mimi nilikesha, na ningekesha tena.

Msimbo wenyewe ulikuja bila taabu, ila bando liliumia. Ni maelfu ya mafaili ya Java. Immanuel Scholz aliyaanza mwaka 2005, kisha mikono ya watu wengi ikaongeza, ikafuta, ikasahihisha. Matoleo ya JOSM hayapewi majina ya madaha. Namba ya toleo ni hesabu tu ya mabadiliko yaliyoingizwa ghalani tangu siku ya kwanza, nayo imeshavuka 19,000. Napenda unyenyekevu huo. Kila namba ni siku ambayo mtu alikaa akarekebisha kitu, mara nyingine koma moja tu.

Ukuta wa kwanza niliugonga mapema. Chombo cha kujengea, Ant, kilinijibu kwamba hakioni javac, kompaila ya Java, na kwamba huenda JAVA_HOME haielekei kwenye JDK. Nikabisha: Java ninayo, JOSM naitumia kila siku! Kumbe niliyokuwa nayo ni JRE, Java ya mnywaji. JDK ni ya mfinyanzi. Mnywaji anahitaji mtungi uliokwisha chomwa, mfinyanzi anahitaji gurudumu na tanuri, na kuwa na kiu hakumfanyi mtu mfinyanzi. Nikapakua JDK. Bando likaumia tena.

Ukuta wa pili niliujenga mwenyewe kwa kiburi. Nilisema Ant ya nini, acha niite javac kwa mkono. Dirisha jeusi likajaa makosa. Kompaila ya Java, isipoelekezwa vingine, huyataja makosa 100 na kuishia hapo, kama mzee aliyechoka kusema na mtoto mtukutu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye la mia, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele ya macho, nikalihangaikia karibu saa nzima. Hapo ndipo kazi hii inapokufunza kusoma. Kosa la kulishughulikia ni la kwanza. Mengi kati ya yanayofuata ni vilio vyake. Nilipopanda hadi juu nikakuta lalamiko moja lisilo na makuu: kuna klasi inatajwa, haionekani.

Na kweli haikuwepo. JOSM ina lugha yake ya mitindo, MapCSS, inayoamua barabara kuu iwe na rangi gani na mto uwe na unene gani. Kisomaji cha lugha hiyo hakikuandikwa chote kwa mkono. Watu waliandika sarufi yake kwenye faili moja, MapCSSParser.jj, na chombo kiitwacho JavaCC huisoma sarufi hiyo na kutunga msimbo wa Java wenyewe. Yaani nilikuwa natafuta folda kwa folda kitu ambacho kilikuwa bado hakijazaliwa. Ant ilijua. Ndani ya faili la build.xml imeandikwa nini kitangulie nini: kwanza JavaCC, kisha javac, kisha kufungasha. Nikarudi kwake kichwa chini.

Ant, kwa Kiingereza sisimizi, ilitungwa na James Duncan Davidson alipokuwa akiijenga seva ya Tomcat, na ikatoka kama chombo kinachojitegemea mwaka 2000. Jina limeipata kweli. Niliandika amri moja, ant dist, nikaangalia mistari ikipanda kimya kimya, kila mmoja umebeba punje yake. Feni ya kompyuta ikanguruma. Nje mvua. Mwishoni maneno mawili ya herufi kubwa: ujenzi umefanikiwa. Kwenye folda ya dist lilikuwa limekaa josm-custom.jar.

Sikulifungua papo hapo. Nililipasua kwanza nione ndani, udadisi wa fundi saa. Faili la jar ni zip tu. Linaanza na herufi PK, za Phil Katz aliyebuni zip. Na kila klasi iliyomo humo inaanza na baiti nne zinazosomeka CAFEBABE, utani wa mafundi wa Java ambao umebaki kwenye mashine za dunia nzima.

Kabla ya hapo nilikuwa nimebadilisha kitu kimoja. Katika msimbo wa JOSM, maneno yanayokusudiwa macho ya mtumiaji yamefungwa ndani ya tr("…"), mlango ulioachwa wazi ili lugha nyingine ziingie. Nilitafuta kichwa cha dirisha, nikafuta maneno yaliyokuwepo, nikaandika Karakana. Badiliko la kitoto, najua. Lakini lilipofunguka lile dirisha, juu yake pameandikwa neno langu, nilicheka peke yangu saa nane usiku.

Kesho yake kijana mmoja ninayechora naye aliinama nyuma ya bega langu. “Kaka, hii JOSM umeitoa wapi? Mbona ina jina jingine?” Nikamwambia. Akatoa flashi mfukoni. Leseni ya programu hii ni GPL, na GPL inataka nikimpa mtu mtungi nimpe na udongo wake, kwa hiyo nikaburuta vyote viwili, jar na folda nzima ya msimbo. Flashi ilipokuwa inawaka na kuzimika, nikamuuliza ana bando kiasi gani.