Utii wa Pande Mbili: Kutoka Pamba hadi Samaki

Katika vikao vya watendaji husemwa mara nyingi kwamba mtumishi mmoja hawezi kuwa na wakubwa wawili. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Suala la kuulizwa ni hili: wakubwa hao wakipingana nani anaamua, na mwananchi amshike nani?

Turejee mwaka 1972. Serikali, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, ilianzisha Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilifutwa. Wataalamu wa kilimo, elimu na maji waliwekwa chini ya Wakurugenzi wa Maendeleo, waliowajibika kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, na wizara zao zikabaki na uongozi wa kitaalamu. Katika chati za namna hii, mstari mzito humwonyesha anayeamuru na mstari wa nukta anayeshauri. Viwanda vya ndege na vyombo vya anga vya Marekani viliukuza mtindo huo miaka ya 1960: mhandisi alikuwa na mkuu wa taaluma yake na mkuu wa mradi. Ila mhandisi yule hakuwa na mkulima mbele yake.

Bwana shamba wa Kwimba alikuwa naye. Mkurugenzi alimdai utekelezaji wa mpango wa wilaya. Mamlaka ya Pamba, iliyoundwa mwaka 1973, ilitaka pamba. Chama, ambacho Katibu wake wa Mkoa ndiye aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, kilihimiza Kilimo cha Kufa na Kupona, yaani chakula kwanza. Na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawa inawahamisha watu hao hao. Kila agizo lilikuwa na sababu yake. Lakini mvua zilikuwa zile zile na jembe lile lile, na mkulima akatakiwa atimize yote. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, Nyanza ikiwamo. Nyanza ilikuwa na dosari nyingi, hilo halibishaniwi. Hata hivyo mkulima wa pamba alikuwa na haki ya kuihoji kama mwanachama. Baada ya hapo mistari yote ilipanda kwenda juu, miaka michache tu baada ya Mwongozo wa 1971 kutaka wananchi wawe na kauli katika mambo yao.

Wanafunzi wa itikadi wanafahamu kwamba Lenin, mwaka 1922, alipinga waendesha mashitaka kuwekwa chini ya utii wa pande mbili. Wengi huishia hapo. Lenin hakuukataa utii huo kwa kila kazi: aliukubali panapo tofauti za kweli za mahali, na mfano wake ulikuwa kilimo. Sheria, alishikilia, lazima iwe moja nchi nzima.

Kipimo hicho kinafaa kabisa katika Ziwa Viktoria leo. Afisa uvuvi wa wilaya ni mtumishi wa halmashauri, chini ya Mkurugenzi Mtendaji na TAMISEMI. Sera ya uvuvi na miongozo ya kitaalamu vinatoka wizara ya uvuvi. Halmashauri inahitaji ushuru wa mwaloni, na ushuru hutokana na samaki waliokwisha kuvuliwa. Wizara inataka makokoro na nyavu haramu zikamatwe. Mtu yule yule anatumwa kukusanya na kukamata. Atamtii nani? Atamtii anayeidhinisha mafuta ya boti, hata kama chati imemweka kwenye nukta. Anayetaka kuijua chati ya kweli ya ofisi yoyote na aangalie nani anasaini uhamisho na nani anatoa mafuta. Kinachoitwa “uratibu” katika taarifa nyingi ni jina la adabu la jambo ambalo hakuna aliyeliamua.

Samaki hatambui mpaka wa Ukerewe na Sengerema, wala wa nchi tatu zinazogawana ziwa. Kwa hiyo doria na ukubwa wa tundu la nyavu ni kazi ya mstari mmoja wa taifa, wenye boti na mafuta yake. Ugani, usafi wa mialo, ukaushaji wa dagaa na masoko vinatofautiana mahali hadi mahali. Humo utii wa pande mbili unafaa, mradi iandikwe kwamba halmashauri ndiyo yenye neno la mwisho. Vikundi vya BMU, vilivyoanza ziwani mwishoni mwa miaka ya 1990, vipewe haki ya kudai maelezo ya maandishi kutoka pande zote mbili, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Wakurugenzi watapinga kwa sababu ya mapato. Pingamizi lao ni la haki, na fungu la kufidia ushuru huo lazima lijadiliwe kabla ya kuchora chati nyingine.