Msomaji wa Theluji

Kila asubuhi saa moja, wakati wageni waliokuja Davos kuteleza kwa skii wangali wamejikunyata ndani ya mablanketi yao, mzee mmoja wa mji ule wa milimani nchini Uswisi hutoka nyumbani mwake na burashi, rula ya mti na daftari lililochakaa pembe, akaenda hadi kwenye ubao mweupe uliolazwa juu ya theluji ya jana, akainama mbele yake kwa taadhima ya mtu anayefungua msahafu. Nilibahatika kufuatana naye majira mazima ya baridi, nami nikimwita mzee kwa desturi ya kwetu, jambo lililomchekesha hata akalizoea. Hupima kimo cha theluji iliyoanguka usiku, huipima na uzito wake, kisha huufagia ubao na kuulaza tena juu ya uso mpya. Nilidhani kazi imekwisha hapo, kumbe hesabu ile ndiyo sehemu nyepesi. Baadaye huvua glavu, huteka gao la theluji na kulibinya, hutazama kama linashikamana au linamwagika, hupiga hatua tatu nne na kutega sikio, maana theluji ya baridi kali hulia chini ya kiatu, na iliyolegea hunyamaza.

Siku moja alinichukua mlimani kuchimba. Tulishuka shimoni kwa sepetu hata ardhi ikaonekana, na ukuta uliobaki mbele yetu ulinifika kifuani, nami, niliyeona weupe mtupu, sikujua kwamba nasimama mbele ya kitabu. Mzee akaanza kuusoma kutoka juu. Penye tabaka laini aliusukuma kwa ngumi ikazama. Chini yake ngumi ikakataa, vidole vinne vikaingia. Chini zaidi kidole kimoja, kisha kalamu ya risasi, na mahali pamoja, penye utando mwembamba wa barafu, hapakuingia ila ncha ya kisu. Utando ule, alisema, ni siku mbili za Desemba uliposhuka Föhn, ule upepo wa vuguvugu utokao kusini, ambao ukikaribia huifanya milima ionekane imesogea hata ukadhani utaigusa kwa mkono. Alipofika chini kabisa akachota punje akazimimina kiganjani mwangu. Hazikushikamana, zilinichuruzika vidoleni kama sukari, kubwa, zenye kung'aa, nzuri wallahi kuliko johari nyingi nilizopata kuziona.

“Hizi ni za Novemba,” akasema, wala hakutabasamu.

Theluji ya kwanza ilikuwa haba, mbingu zikawa safi na usiku wa baridi kali, ilhali ardhi chini yake bado ina joto lake la kiangazi. Basi mvuke ukapanda ndani ya theluji ile, ukaivunja na kuiunda upya, hata ikawa punje zisizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Theluji yote ya Januari na Februari, ambayo wageni waliishangilia kwa vigelegele, ilikuwa imelala juu ya punje zile, kama nyumba ya mawe iliyojengwa juu ya mtama. Mtu mmoja akipita mahali pa mteremko mkali aweza kuiporomosha theluji ya mteremko mzima.

Ilmu hii haina umri mkubwa, ijapokuwa watu wa milima waliijua kwa macho tangu zamani. Juu ya Davos, mahali paitwapo Weissfluhjoch, kwenye kimo cha mita 2,540, theluji imepimwa kila siku ya baridi tangu mwaka 1936, na tangu 1945 taasisi ya theluji iliyoko Davos imekuwa ikitoa ilani za maporomoko ya theluji kwa nchi nzima. Majira ya baridi ya 1951 maporomoko yaliua watu 98 nchini Uswisi, na wazee wa mabonde yale wakiutaja mwaka ule hupunguza sauti.

Na hapa nikumbushe kisa cha kwetu. Mwaka 1848 padre Johannes Rebmann, aliyefunga safari kutoka Rabai, aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake akauita weupe ule “baridi” tu, kwa kuwa ndivyo mkono unavyoujua. Habari zilipofika London, walikuwako wenye elimu, ambao miguu yao haikupata kukanyaga bara hili, walioshikilia kata kata kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Kiongozi hakuulizwa.

Nakumbuka kisa hicho kila ninapoona wageni wa siku hizi wamesimama penye kituo cha magari ya kamba, macho yao yamo katika simu, wakisoma picha ya jua na idadi ya sentimita, basi. Hatari ya maporomoko imewekwa katika daraja tano, na wao, wakiona tatu, huhesabu kwamba ni ya katikati, na cha katikati hakidhuru. Ilhali karibu nusu ya wanaokufa hufa siku za daraja hiyo. Nao wakikuta mteremko wa chini umekauka, hulalamika, hata mizinga ya kutengeneza theluji ikanguruma usiku kucha kuwaridhisha. Sikatai faida ya mitambo, wala mzee hakuikataa: vituo vilivyosimikwa vileleni huleta habari za upepo kutoka mahali ambapo binadamu angeganda. Lakini chombo hakiuhisi mshindo ule mzito, kama mlima uliovuta pumzi, ambao tabaka dhaifu hutoa likivunjika chini ya miguu. Mzee aliusikia mara moja tu tukiwa pamoja, akanishika bega, tukarudi kwa njia tuliyojia bila ya kusema neno. Wanawe wamehamia Zurich. Hakuna aliyemwomba daftari.

Asubuhi yangu ya mwisho ilikuwa ya Februari, na usiku mvua ilikuwa imenyesha mjini. Tulikwenda ubaoni kama kawaida. Haukuwa na kitu ila maji. Mzee alisimamisha rula juu yake, akainama kuitazama kwa muda uleule aliokuwa akiitazama siku zote, akaandika sifuri kwa wino, kisha akaufuta ubao kwa mkono wa koti lake na kuulaza sawasawa.