Sauti ya Shule za Mikoani katika Sera ya Taifa ya Elimu

Swali la nani anatunga sera ya elimu ni swali la itikadi kabla ya kuwa swali la utawala. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kutufundisha kwamba maendeleo hupimwa pia kwa uwezo wa watu kuyaamua mambo yao wenyewe, siyo kwa wingi wa vitu walivyopewa. Kwa hiyo hatuwezi kuihakiki sera ya elimu kwa kuhesabu madarasa na madawati peke yake. Hatuna budi kuuliza: mwalimu wa Rufiji, mzazi wa Simanjiro na mwanafunzi wa Ukerewe wameshiriki wapi katika kuamua kinachofundishwa, lini kifundishwe, na kwa lugha gani? (Tunazungumzia Tanzania Bara, Zanzibar ina wizara yake na sera yake.)

Tuanze na Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, kwa sababu makada wengi huitaja na wachache huisoma. Linalokumbukwa ni shamba la shule. Linalosahauliwa ni kwamba Mwalimu Nyerere hakutaka shamba la kuamriwa. Alieleza kwamba wanafunzi wenyewe wapewe nafasi ya kuamua mambo ya shamba lao, kwa mfano kama fedha waliyoipata waikodie trekta au waitumie kwa haja nyingine, na faida au hasara iwe juu yao. Huo ndio moyo wa andiko lile. Jembe lisilokuwa na uamuzi ni jembe la manamba. Na katika shule nyingi ndivyo ilivyotokea: shamba lilibaki, uamuzi ukaondoka, na kulima kukawa adhabu ya wachelewaji.

Lakini hatukukosa mifano mizuri. Kuanzia mwaka 1971 shule ya Kwamsisi, mkoani Tanga, ilifanywa shule ya majaribio kwa msaada wa Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Masomo yalifungamanishwa na matatizo ya kijiji, na wanakijiji wakahusishwa katika mambo ya shule yao. Mpango wa MTUU, ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO na UNICEF, ulikusudia kulieneza wazo hilo la shule ya jamii. Hatari ya kila jaribio la aina hii ni kwamba likiisha kuenezwa hugeuka kuwa agizo. Kile ambacho kijiji cha kwanza kilikitafuta chenyewe, kijiji cha mia huletewa ndani ya waraka. Tena mwaka 1973 Baraza la Mitihani lilikuwa limekwisha kuundwa kwa sheria, na kila mwalimu anajua kwamba sera anayoitii darasani ni ile inayotahiniwa mwisho wa mwaka.

Hapa lazima tujihadhari na upotofu wa pili. Wapo wanaosema: basi kila mkoa ujiamulie. Hao wanasahau historia. Wakati wa ukoloni shule zilifuata misheni na mazao ya biashara. Kilimanjaro na Bukoba zikatangulia, mikoa mingine ikaachwa nyuma. Bila nguvu ya taifa pengo hilo lisingepunguzwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 ndilo lililoleta hadi 1977 lengo la elimu ya msingi kwa wote, ambalo awali lilikuwa limepangwa kufikiwa mwaka 1989. Uamuzi wa namna ile hauwezi kutoka kwenye wilaya moja moja. Tunachodai ni kwamba sauti ya shule ifike kwenye kikao kinachoamua na ijibiwe. Hatudai taifa livunjwe vipande.

Je, haifiki? Maoni hukusanywa, hilo hatulikatai. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta iliundwa mwaka 1980, ikatoa taarifa yake mwaka 1982. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo la Kiswahili kuanza kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Serikali haikulikubali. Sera ya 2014 ikakifungulia tena Kiswahili mlango katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 likakibakiza Kiingereza katika sekondari. Kukataa pendekezo ni haki ya anayetawala. Lakini mwalimu wa kijijini anayeingia kila Januari katika darasa la watoto waliosoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, na kuwakuta kimya, ana haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Badala yake anafasiri kwa kunong'ona, akiogopa mkaguzi. Umangimeza hauzibi watu midomo. Huwasikiliza kwa adabu, kisha hauwajibu.

Tazameni pia kamati ya shule, ambayo ina nguvu ya Sheria ya Elimu ya 1978. Katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza 2002, kamati hizo ziliaminiwa kusimamia fedha za ujenzi. Ziliaminiwa kununua saruji na mabati. Hazikuwahi kuaminiwa kusema lolote juu ya mtaala. Mwalimu Mkuu akiwa na hoja humpelekea Afisa Elimu Kata, naye huipeleka halmashauri, kisha mkoani, kisha TAMISEMI inayoziendesha shule. Nayo sera iko mikononi mwa Wizara ya Elimu. Kwenye ngazi hizo zote hupanda takwimu na kushuka nyaraka.

Mahali watu waliposema bila kungoja kuulizwa ni kwenye shule shikizi. Wazazi ambao watoto wao walitembea mbali mno, au kupita penye mto na pori, walisimamisha banda la miti, wakaomba shule mama iwaandikishe watoto. Walisema kwa miti na udongo. Mwaka 2021, katika fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilitenga madarasa 3,000 kwa vituo shikizi. Sera iliwafuata wananchi.

Sasa elimu ya lazima inakuwa ya miaka 10, na sekondari imepewa mkondo wa amali, kwa mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Hapa ndipo mtihani wa kweli ulipo. Nani atachagua amali ya shule? Ikiwa sekondari ya visiwani Ukerewe itapewa cherehani kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwenye orodha, na uvuvi ukakosa mwalimu, tutakuwa tumerudia kosa la shamba la manamba.

Na kalenda je? Mihula ni mmoja kwa nchi nzima, ingawa kaskazini wana vuli na masika na kusini wana msimu mmoja wa mvua. Katika bonde la Rufiji familia huhamia madunguni kulinda mpunga, na watoto hufuata. Mwalimu huandika "mtoro". Siku 194 za masomo zibaki 194 kila mahali, na mtihani ubaki mmoja. Kuzipanga siku hizo kati ya mvua na mavuno iwe kazi ya halmashauri baada ya kuzisikiliza kamati za shule. Makada walioko matawini wanaweza kuanza na ajenda hiyo kwenye kikao kijacho cha kamati, kumbukumbu zake ziandikwe, na nakala ipelekwe Wizarani pamoja na tarehe ambayo jibu linatakiwa.