Fundi wa Karakana ya Nyuma

Mgonjwa akipona, shukrani huenda kwa daktari na muuguzi. Fundi wa vifaa tiba hutafutwa siku mashine inapozima.

Vijana wanaosomea kazi hii, pale Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, hupelekwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, na huko ndiko somo lenyewe huanzia. Chukua mashine ya kuchuja oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Mashine huisukuma kupitia punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, ikatoka oksijeni ya karibu asilimia 90 au zaidi. Darasani huo ni mchoro tu. Wodini, fundi anachomoa chujio la sponji lililojaa vumbi jekundu, analiosha kwa maji na sabuni, analianika hadi likauke kabisa. Kengele iliyokuwa ikilia tangu alfajiri inanyamaza.

Mengine hujifunza kwa kuzungushwa: kipuri cha bei ya soda huombwa kwa fomu, nayo fomu hulala mezani kwa mkuu wa idara, kisha ununuzi, kisha uhasibu. Mashine ya msaada kutoka Marekani yaweza kuja ikiwa ya volti 120, ilhali umeme wetu ni 230. (Aliyeichomeka bila kusoma kibandiko hasahau harufu yake.)

Mimi hupenda zaidi ile stika ndogo ubavuni mwa mashine: tarehe ya ukaguzi, sahihi, tarehe ijayo. Muuguzi wa zamu ya usiku huitupia jicho, kisha huiwasha mashine.