Shajara Iliyokatwa Mama

Ile shajara ya ukoo wa mafundi wa milango, iliyobandikwa ukutani hapa Mji wa Kale wa Mombasa, wengi wenu mmeshaiona. Vizazi saba vya wanaume vinashuka kutoka juu hadi chini, baba kwa mwana, bila jina la mwanamke hata moja. Nilipomuuliza mwandaaji, alinijibu kwamba majina ya wake na mabinti alikuwa nayo, akayaondoa ili mchoro usomeke kwa wepesi. Uamuzi huo ni kosa, na umeiharibu kazi yote.

Nimpe haki yake kwanza: picha za milango ni safi, mfaa na vizingiti vimepimwa vizuri, na nisba zimeandikwa bila kuboronga.

Sasa tutazame kizazi cha nne. Fundi anamzaa mwana ambaye, kwa maelezo ya shajara yenyewe, maisha yake yote alikuwa mvuvi. Mvuvi naye anamzaa mwana, na mwana huyo ni fundi bingwa, ndiye aliyechonga ule mlango unaosifiwa na kila apitaye. Mkono wa nakshi ameupata wapi? Hakuupata kwa baba, maana mvuvi hafundishi kushika patasi. Kwa babu pia haiwezekani: kwa tarehe zilizoandikwa hapo hapo, babu alikufa kabla mjukuu hajazaliwa. Mstari wa wino unapita juu ya pengo hilo kana kwamba ufundi hurithiwa kwa damu, mtu akazaliwa na tezo mkononi.

Jibu lilikuwemo katika karatasi za mwandaaji mwenyewe. Mama wa bingwa alikuwa binti wa nyumba nyingine ya mafundi. Kijana alilelewa kwa kina mama, akawa mwanagenzi wa mjomba, na kilemba cha kufuzu alikitoa huko. Jina la mama ndilo lililokuwa daraja. Likaondolewa mchoro upendeze, na tangu hapo shajara inamrithisha mtu kazi aliyofunzwa na wengine, nao waliomfunza hawamo.

Hili si jambo geni kwa Mswahili yeyote. Katika koo nyingi za miji yetu, binti alipoolewa alipewa nyumba au sehemu ya nyumba na wazazi wake, na mume ndiye aliyehamia. Watoto walikulia karibu na bibi mzaa mama, wakicheza katika maranda ya mjomba. Anayetafuta njia ya ufundi kutoka mkono hadi mkono aingie nyumbani, aulize nyumba ni ya nani. Hati za ardhi zilizoandikwa baada ya sheria ya 1908 ya kusajili ardhi, karatasi za wakfu na daftari za kadhi zina wanawake wenye mali na warithi wanawake. Mtafiti aliyefika hadi huko kisha akawaacha hana udhuru.

Watazameni wanaofuatilia koo za mafundi saa wa kale wa Uingereza. Wao wana bahati ya maandishi: chama cha mafundi saa wa London kilipata hati ya mfalme mwezi Agosti 1631, mwezi ule ule sultani Yusuf bin Hasan alipomuua kapteni Mreno ndani ya Ngome ya Yesu hapa kwetu. Chama kikaanza kuweka daftari za wanagenzi na mabwana zao. Hata hivyo watafiti hao hawakuwatupa wanawake. Thomas Tompion, bingwa wao, mwana wa mhunzi wa Bedfordshire, alikufa 1713 bila kuoa wala kuacha mtoto. Ukimchora kwa njia ya baba na mwana tu, karakana yake inafia hapo. Lakini George Graham, aliyekuwa akifanya kazi naye, alimwoa Elizabeth, binti wa nduguye Tompion, mwaka 1704, akaiendeleza kazi hadi kifo chake 1751. Wawili hao wamezikwa kaburi moja katika Westminster Abbey. Kamba iliyowaunga kwa ukoo ni mwanamke, na kila mtafiti makini wa saa anamjua kwa jina.

Mombasa ndiyo ingepaswa kuwa ya mwisho kulisahau hili. Masimulizi ya mji huu yanaanza na Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, kabla ya Shehe Mvita. Mji wenyewe unaanza nasaba yake kwa mwanamke, nasi tunabandika ukutani shajara ya wanaume watupu!

Nimeshaandika mara nyingi, na nitaandika tena, jinsi ugonjwa huu wa kuwafuta kina mama ulivyozidi. Serikali ya kikoloni ilipowagawa watu wa pwani kuwa Waarabu na wenyeji, kwa kodi na kwa kura, kila ukoo ulipata sababu ya kumtafuta baba aliyevuka bahari na kumnyamazia mama wa hapa hapa. Wakoloni wameondoka, mazoea yamebaki.

Kosa hilo moja limezaa mengine. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, basi Ali bin Muhammad na Muhammad bin Ali hupishana vizazi kwa vizazi. Kinachowatenganisha wawili wa jina moja ni mama zao. Katika kizazi cha pili na cha nne nina hakika watu wawili wamefanywa mmoja. Tarehe nazo zimegeuzwa kwa kujumlisha 622 kwenye mwaka wa Hijria, hesabu ninayoipinga tangu zamani. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11. Mwaka 1252 ulianza Aprili 1836, Mazrui waliotawala Mombasa wakiwa bado ngomeni, lakini kwa hesabu ile unakuwa 1874, miaka 37 baada ya wao kuondolewa. Hicho ni kizazi kizima.

Wazee wetu walifanya vizuri zaidi kwa vifaa haba. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alikusanya mashairi ya Muyaka baada ya mshairi kufa, kwa kuwauliza waliokumbuka. Sheikh Al-Amin bin Ali aliiandika tarehe ya Mazrui kwa Kiarabu, kitabu kikachapwa 1995, miaka 48 baada ya kifo chake. Na Sarah Mirza na Margaret Strobel walipokaa na kina mama watatu wa Mombasa wakaandika maisha yao, kitabu cha 1989, walituonyesha ni habari ngapi za mji huu zimehifadhiwa na wanawake.

Shajara ile iteremshwe, ichorwe upya na majina yote, hata kama itahitaji karatasi pana mara tatu. Nawe msomaji, ikiwa bibi yako yu hai, nenda leo umuulize mamake alikuwa nani, nyumba yao ilikuwa mtaa gani, na nani alimfunza nani kazi. Andika kila jina atakalokutajia.