Safu za Magazeti na Mlango wa Jikoni

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi ambalo tulidhani ni jepesi. Kila mmoja aandike safu ya gazeti, maneno mia sita, kuhusu chakula cha mchana alichokula jana yake. Tulitarajia kucheka. Badala yake tulisahihisha kazi ambazo zaidi ya nusu zilianza kwa sentensi ile ile, kwamba chakula ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu. Zikafuata faida za chakula, aina za chakula, matatizo ya chakula, na mwishoni serikali ikaombwa iingilie kati. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa mahali pake. Lakini hapakuwa na sahani hata moja, wala harufu, wala mtu aliyeketi kula.

Tulikasirika kidogo, kisha tukajiuliza wamejifunzia wapi kuandika namna hiyo. Jibu halikuwa mbali: wamejifunza kwetu. Katika idara yetu mwanafunzi husoma riwaya, tamthilia na ushairi, na anapofika kwenye magazeti tunampa tahariri na taarifa ya habari. Safu hatumpi. Tunaiona kama porojo za mwisho wa juma. Makala haya ni jaribio la kuitazama safu kama kazi ya kusomwa na kuhakikiwa, hasa ile inayotaka kuzungumzia siasa, jamii, chakula na maisha ya kila siku kwa pumzi moja.

Tuanze na safu tuliyokua nayo. Mwaka 2008, tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Mlimani, Dar es Salaam, chumbani kwetu tulinunua Raia Mwema kwa zamu. Gazeti lilikuwa jipya, lilianza mwaka 2007, na lilitoka mara moja kwa wiki. Aliyenunua ndiye aliyekuwa na haki ya kusoma kwanza safu ya Jenerali Ulimwengu, wengine tulingoja. Sisi tuliotoka Uganda tulikuwa na sababu ya ziada ya kumpenda. Ulimwengu ni mzaliwa wa Ngara, mkoani Kagera, pale Tanzania inapokutana na Rwanda na Burundi, na mwaka 2001 serikali ya nchi yake ilitangaza kwamba yeye si raia. Mtu aliyeambiwa hivyo ukubwani, baada ya kuitumikia nchi na kuanzisha magazeti yake, akaendelea kuandika juu ya nchi hiyo hiyo, hawezi kuandika kwa ulegevu.

Na kweli haandiki kwa ulegevu. Kwa maoni yetu, hakuna nathari ya Kiswahili ya gazetini inayomfundisha mwanafunzi kujenga hoja ndefu kuliko yake. Sentensi zake ni pana, zinabeba masharti mawili matatu kabla ya kutua, na bado hazimpotezi msomaji. Anapenda kurudi nyuma hadi asili ya neno, achukue kwa mfano “uongozi” au “uraia”, alitazame pande zote kabla ya kumrejesha msomaji kwenye jambo la wiki hiyo. Kejeli yake ni ya mtu mzima anayezungumza na watu wazima. Mwaka 2017 Raia Mwema lilipofungiwa kwa siku tisini, wengi wetu tulitambua kwamba tulikuwa tumepoteza darasa pamoja na gazeti.

Hata hivyo, kuna kitu tulichokosa wakati ule bila kujua tunakikosa. Katika safu zile tulizozingoja kwa hamu, watu hawali. Wapo wananchi, wapo watawala, lipo taifa, upo mjadala; mama anayepanga fungu la dagaa sokoni Manzese hayupo, au akiwapo amekuja kama mfano wa hoja na anaondoka hoja ikiisha. Hilo si kosa la Ulimwengu. Alichokusudia kukifanya alikifanya. Kosa ni letu sisi tuliomchukua kuwa kipimo cha safu zote, tukarudi nyumbani na kuwafundisha wanafunzi kwamba uzito wa maandishi ni ukubwa wa mada.

Upande wa Kenya tulikuwa na marehemu Ken Walibora, aliyefariki Nairobi mwezi Aprili mwaka 2020, ambaye safu zake katika Taifa Leo tulizikata na kuzihifadhi. Mwandishi wa Siku Njema alikuwa na kipaji cha kusimulia ambacho kingeweza kutupa safu ya mtaani tuliyoihitaji. Lakini tulizozisoma sisi, kwa sehemu kubwa, zilihusu lugha yenyewe na hali ya fasihi: nani amekosea, neno gani limepotoshwa. Ni kazi yenye manufaa na tunaitumia darasani hadi leo. Ila inatupasa tukiri kwamba Kiswahili kinachojijadili chenyewe kila wiki ni kama fundi anayenoa panga mchana kutwa.

Sasa tuseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzetu. Safu bora ya siasa, jamii, chakula na nyumba tuliyopata kuisoma katika Afrika Mashariki haikuandikwa kwa Kiswahili. Ni Whispers ya Wahome Mutahi, iliyotoka kwa miaka mingi katika Sunday Nation la Nairobi hadi mwandishi alipofariki mwaka 2003. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza kilichojaa Kiswahili na Kikuyu kila kona, hata msomaji mgeni angehitaji mkalimani.

Mutahi alimbuni baba mmoja wa Nairobi, mpenda bia, mwoga mbele ya mkewe na mbabe mbele ya watoto, na akampa familia. Mke akamwita Thatcher, kwa jina la waziri mkuu wa Uingereza. Binti ni Pajero, kama lile gari la wenye nacho. Kijijini yuko mama mzazi, Appepklonia, na padri. Kila Jumapili nyumba ile ilikuwa na shida: karo, mshahara uliokwisha kabla ya mwezi, mgeni asiyeondoka, chakula kilicholiwa na asiyestahili.

Ikumbukwe kwamba hii ilikuwa Kenya ya utawala wa Moi, na kwamba mwaka 1986 Mutahi mwenyewe alikamatwa akihusishwa na kundi la Mwakenya na kufungwa. Alijua bei ya kusema wazi. Kwa hiyo alipomwonyesha baba anayetoa amri ambazo hakuna anayezitii, anayetaka kusifiwa kwa ugali alionunua kwa fedha za mkewe, msomaji hakuhitaji kuelezwa. Serikali iliingia katika safu kupitia mlango wa jikoni, ikavua viatu, ikakaa. Mkaguzi asingepata pa kushika, maana kilichoandikwa ni ugomvi wa mume na mke juu ya nyama.

Hatusemi safu ile haina dosari. Tukiisoma leo na wanafunzi wetu wa kike, kicheko hukwama mahali pengi. Thatcher ni mwerevu kuliko mumewe, ndiyo, lakini mara nyingi uerevu wake umewekwa pale ili mume aonewe huruma, na binti huchekwa kwa tamaa zake kuliko kaka yake. Ulevi nao husamehewa upesi mno. Mhakiki asiyeyaona haya atakuwa anasoma kwa kumbukumbu ya ujana wake. Pamoja na hayo, jambo moja Mutahi alilipata ambalo safu zetu za Kiswahili zimelipata kwa nadra: alijua kwamba mtu hukutana na siasa kwanza kwenye sufuria.

Tumesema kwa nadra, hatukusema kamwe. Freddy Macha, mwanamuziki na mwandishi wa Kitanzania aliyehamia London, ameandika kwa Kiswahili chepesi juu ya maisha ya ughaibuni, afya, vyakula na tabia za watu, na wanafunzi wetu humwelewa tangu ukurasa wa kwanza. Anastahili kuhakikiwa kwa nafasi pana kuliko hii.

Turudi Kampala. Katika sherehe za Siku ya Wafanyakazi mwaka 2022, wakati bei za mafuta ya kula, sabuni na mkate zilikuwa zimepanda vibaya, Rais Museveni aliwashauri wananchi kwamba mkate ukiadimika wale muwogo, yaani mihogo. Nchi nzima ilizungumza. Mwandishi wa safu anaweza kungoja miaka kumi bila kupewa zawadi kama hiyo: siasa, chakula, na neno moja la nyumbani, vyote kwenye sahani moja. Waliosoma Kiingereza walihudumiwa na magazeti yao, na Waganda wana Bukedde lao tangu mwaka 1994. Kwa Kiswahili, lugha ambayo katiba yetu iliitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na ambayo miezi miwili tu baadaye, Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliamua itiliwe nguvu, hatukusoma chochote kutoka kwa mwandishi wa hapa. Sisi wenyewe, wenye digrii za lugha hiyo, hatukuandika. Wiki ile tulikuwa tunasahihisha mitihani ya isimu.

Katika rundo la muhula uliopita ilikuwamo kazi moja tofauti. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandika juu ya kijana anayeuza rolex nje ya geti la hosteli. Alieleza jinsi mayai mawili yalivyokuwa moja, kisha chapati ikapungua upana, kisha nyanya ikakatwa nyembamba hadi ikaonekana upande wa pili, na bei ikabaki vile vile ili mteja asikimbie. Alieleza wanafunzi wanavyosimama foleni wakijifanya hawaoni. Hakumtaja kiongozi yeyote. Neno muwogo lilitokea mara moja tu, kijana alipolitamka huku akigeuza chapati, na foleni nzima ikacheka.

Kisarufi alikosea mahali pengi, na upatanisho wa ngeli ya ki-vi ulimshinda kabisa. Katika kikao cha usahihishaji mwenzetu mmoja alitaka akatwe alama kwa kuandika muwogo badala ya mihogo, na kwa kuacha rolex bila kuitafutia neno la Kiswahili. Tulimuuliza yeye angeiitaje. Alifikiri, akapendekeza “chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai yaliyokaangwa”. Tulicheka, naye akacheka, lakini hakubadili msimamo.

Tuliibandika kazi ile kwenye ubao wa matangazo wa idara, kando ya ratiba ya mitihani, bila kurekebisha neno. Kuanzia muhula huu safu mbili za Mutahi na mbili za Ulimwengu zitasomwa katika somo la utunzi, na zoezi la chakula cha mchana litarudiwa. Mwenzetu bado anadai zile alama mbili.