Picha ya Kusi

Ukitaka kumjua mpiga picha wa Malindi, usianze na kazi yake ya Januari. Wakati wa kaskazi mbingu ni samawati, bahari imetulia, na kila mwenye simu ni fundi. Mwambie akutolee picha za Juni na Julai, kusi ikiwa imeshika: wingu jeupe kama shuka, upepo wa kung'oa mitandio, mwani umetapakaa mchangani, na mtoto wa miaka miwili anayetaka kurudi nyumbani. Hapo bahari haimsaidii mtu, na kilichobaki ni watu na mwanga tu.

Mgeni atacheka nikiita hii baridi. Waitaliano huikimbia baridi ya kwao Desemba na kuja kuvua mashati huku kwetu. Lakini mtoto wa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, anajua kipupwe ni nini. Asubuhi ya Julai utamwona kibarazani na sweta na kofia ya mavin iliyoshuka hadi kwenye nyusi, huku amefungwa leso ya mama kifuani. Na ndio msimu wa picha pia. Idd kubwa za 2023, 2024 na 2025 zote ziliangukia Juni, kwa hiyo kanzu mpya na magauni ya watoto yote yalipigwa picha katikati ya upepo wa kusi, pale Buntwani na kwenye Nguzo ya Vasco da Gama.

Nikipewa picha ya namna hiyo, sitazami kama watu wanacheka. Natazama macho ya aliye mdogo kuliko wote. Mwanga wa wingu huanguka kutoka juu, kwa hiyo anayesimamisha familia uwanjani bila kufikiri hupata nyuso zenye mashimo meusi mahali pa macho. Fundi huwasogeza hadi ukingoni mwa makuti, au chini ya mwembe lakini si ndani sana, paa likate mwanga wa juu na mwanga wa mbele uingie usoni. Wengine humpa mama leso nyeupe aitandaze mapajani, irudishe mwanga juu kwenye kidevu cha mtoto. Mboni ikiwa na kitone cheupe kilichokaa vizuri, ujue aliyepiga alijua alikosimama. Ikiwa nyeusi tupu, hakujua, hata kama wote wanacheka.

Jambo la pili ni rangi ya ngozi, na hapa wengi huharibu. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe huchukulia kwamba kila kitu duniani kina weupe wa wastani. Ikiona mbingu nyeupe ya kusi nyuma ya familia, hudhani kuna mwanga kupita kiasi, hubana, na nyuso za watu weusi hugeuka makaa. Tatizo la nyuso zetu ni la tangu zamani: kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zile zilizoitwa kadi za Shirley. Dawa ni rahisi, kuiongezea kamera mwanga kwa makusudi na kuikubali mbingu ipotee iwe nyeupe kabisa. Mbingu iliyopotea naisamehe. Uso uliopotea siusamehe. Ndiyo sababu Nguzo ni mtihani mkubwa: ni nyeupe, mbingu nyuma yake nyeupe, na mbele yake amesimama baba mweusi na kanzu nyeupe. Anayetoka hapo na uso wa baba ukiwa na joto lake, na mikunjo ya kanzu ikionekana, mpe kazi ya harusi bila kuuliza.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo lilinipata mimi. Studio moja iliniletea picha ya mwanangu akiwa amesafishwa kwa kompyuta mpaka akawa na rangi ya chapati mbichi. Mama yangu aliishika, akaigeuza, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Tangu siku hiyo nalinganisha uso na mkono. Wanaong'arisha watu kwa kawaida husahau vidole.

Sasa upepo. Wapiga picha wabaya hupigana nao: huwaambia akina mama washike mitandio, na ukiitazama picha unaona familia nzima imeshika vichwa kama imepata msiba. Wazuri huuliza upepo unatoka wapi. Kusi hutoka kusini mashariki, hivyo upande wa kaskazini magharibi wa ukuta wowote ni tulivu, na Kisumu Ndogo haina uhaba wa kuta. "Bi mkubwa, njoo huku nyuma ya mabati," nilimsikia kijana mmoja akimwambia nyanya aliyebeba mjukuu, na hatua nne tu zikatosha: mtandio ukatulia, mtoto akafungua macho. Pembe moja tu ya leso ilibaki ikipepea, na kijana aliiacha kwa makusudi. Picha ya kusi isiyo na dalili yoyote ya upepo naishuku kidogo, maana inaweza kuwa ya mahali popote.

Angalia pia vidole vya mtoto. Mtoto mdogo hatulii hata akiwa ametulia, na kamera ikifunguka kwa zaidi ya sehemu moja ya mia tano ya sekunde mkono wake unaweza kutoka kama moshi. Ukiona ukungu mweupe umezunguka kila kitu king'aacho, hiyo ni chumvi ya bahari kwenye lenzi. Aliyepiga hufuta lenzi kwa shati.

Kuhusu saa, kumbuka ufuo wetu unatazama mashariki. Juni jua huchomoza baharini kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama nchi kavu karibu saa hizo hizo jioni. Maana yake, asubuhi bila wingu, familia iliyoipa bahari mgongo itatoka vivuli vyeusi, isipokuwa mpiga picha ana flashi na anajua kuitumia. Kuanzia saa kumi jioni mambo hugeuka: mwanga unatoka mjini, unawapiga usoni, kisha jua likishuka nyuma ya minazi unakuwa laini kabisa. Saa hiyo haidumu, na watoto wameshachoka. Anayemleta mtoto saa kumi baada ya usingizi wa mchana anajua kazi kuliko anayeringia lenzi.

Maana kamera si hata nusu ya kazi. Tazama wanakotazama. Watu wazima wakiikodolea lenzi na mtoto akitazama pembeni kidogo, juu, mdomo wazi, kuna mtu nyuma ya mpiga picha anatikisa funguo. Ni ujanja wa kale na hufanya kazi, lakini hutoa sura moja kwa watoto wote, sura ya mshangao. Napenda zaidi picha ambayo wazazi wanamtazama mtoto, na mtoto anashughulika na jambo lake, labda kitufe cha kanzu ya baba. Mkono wa mama nao husema: ukiwa umembana mtoto mbavu, alikuwa anakimbia. Na urefu wa kamera. Kama unaona utosi wa mtoto zaidi kuliko kidevu chake, mpiga picha hakupiga magoti.

Pwani yetu ina ukoo mrefu wa ufundi huu, ingawa ulikaa ndani zaidi. Mpiga picha Parekh wa Mombasa alijenga jina studioni, taa zikiwa mkononi mwake. Mwenzake Bakor wa Lamu alikata na kubandika picha, akamweka mtu ndani ya redio. Wote wawili waliweza kuamua mwanga utoke wapi. Anayepiga nje wakati wa kusi hana uamuzi huo. Anachoweza ni kuwahamisha watu.

Ukienda kuchagua mpiga picha, usiridhike na picha tatu anazoziweka kwenye simu. Omba zote za siku moja, ya familia moja, hata zile ambazo mtoto analia. Zipeleke kivulini, maana kioo cha simu hudanganya juani, kisha vuta ukuze jicho la mtoto.

Ninayo moja iliyooshwa, ndogo ya inchi nne kwa sita. Mtoto wa jirani, mavin ya manjano, amekaa kibarazani, kamasi kidogo puani ambayo hakuna aliyeona haja ya kuifuta. Nikiweka kioo cha kukuzia juu ya mboni yake ya kushoto naona mstari mweupe wa mbingu kati ya mapaa mawili ya mabati, na chini yake kivuli cha mtu aliyechutama. Kando yake kuna kingine kifupi, mikono juu, kinaruka. Ni dada yake.